Nyumba Njema si Mlango: Siku Mbili katika Hoteli ya Mji Mkongwe

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huenda hakuna mahali ambapo msemo huo unatimia kama Mji Mkongwe wa Unguja. Milango ya mji huo imekuwa ndiyo sura yake mbele ya dunia. Hupigwa picha kila siku, huchorwa kwenye vitambaa na hunakiliwa na maseremala wa miji mingine. Lakini ni wangapi kati yetu waliovuka kizingiti na kujua kilichomo nyuma ya misumari ile ya shaba?

Kwa wengi, nyumba kubwa za Shangani, Hurumzi na Kiponda zimekuwa za kutazamwa kwa nje katika zama zote. Kwanza zilikuwa za matajiri. Kisha zikawa mbovu, mtu akaogopa kupita chini ya roshani zake. Sasa nyingi zimekarabatiwa zikageuzwa hoteli za kifahari, na mwenyeji hupita mlangoni akidhani kuwa ndani hapamhusu.

Safari hii ukurasa wa familia uliamua kuingia. Tulilala siku mbili katika mojawapo ya hoteli hizo. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa lengo letu si kuitangazia biashara wala kuilaumu. Tulikuwa watano: wanawake wawili na wanaume wawili wa chumba cha habari, pamoja na mama mzazi wa mwenzetu mmoja, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Yeye alikulia ndani ya Mji Mkongwe na alikuwa na mengi ya kutufunza.

Nyumba iliyotoka baharini

Kabla ya kuzungumzia mashuka na mito, inafaa msomaji aijue nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, na chokaa hiyo nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake wa kawaida, vyumba vya nyumba hizi huwa vyembamba, upana wa mita 3 hivi, ilhali urefu wake waweza kuwa mara mbili au tatu ya huo. Mgeni akiingia chumbani na kushangaa kuwa kimekaa kama ukumbi wa kupitia, ajue kwamba mti wa pwani ndio uliopima chumba kile.

Mpango wa ndani nao una maana yake. Nyumba nyingi za asili ya Kiarabu zimejengwa kuzunguka ua. Nje pana baraza, ambapo mwenye nyumba aliweza kukaa na wageni wake bila ya mgeni kuingia kwa watu wa ndani. Mlango ukifunguliwa, mara nyingi jicho la mpita njia hukutana na ukuta au kona, si na familia. Orofa ya chini ilitumika kwa bidhaa, ofisi au duka, na watu wakaishi juu, kwenye upepo na sitara. Katika nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, upande wa barabarani ulikuwa duka na milango yake hukunjwa. Mtu aliyezoea kuangalia huijua nyumba ni ya nani kwa kuitazama milango yake tu.

Chokaa ndiyo siri ya uhai wa nyumba hizi. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, mfano wa kitu kinachopumua. Ukipakwa saruji, unyevu hukwama ndani, chokaa ya kale ikalainika, ukuta ukatuna na hatimaye ukapasuka. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hifadhi husisitiza kuwa ukuta wa kale utengenezwe kwa vifaa vyake vya kale. Fundi anayemimina zege juu ya boriti ili kupata sakafu madhubuti, huenda anauongezea ukuta wa karne ya 19 mzigo ambao haukujengwa kuubeba.

Kutoka kasri hadi hoteli

Sayyid Said bin Sultan aliuhamishia Unguja utawala wake kutoka Muscat katika miaka ya 1830 na 1840, na biashara ya karafuu, pembe na watumwa ikaleta mali iliyojenga mji wa mawe. Hatuwezi kuzisifu kuta hizi tukanyamaza juu ya mikono iliyozijenga. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Nyumba nyingi tunazozistaajabia leo zilisimama kabla ya hapo.

Mfano ulio wazi ni jumba la Shangani liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Wenyeji husimulia kuwa mjenzi wake alichanganya mayai ndani ya chokaa, na kuwa watumwa walizikwa ndani ya kuta zake. Hayo ni masimulizi, lakini jina limebaki likimwonya kila apitaye: mambo haya msiyaige. Baadaye jumba hilo lilikuwa mikononi mwa wamisionari, kisha likawa ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha likatumika kwa ofisi za serikali. Mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa hoteli ya kimataifa, na jengo jipya lililounganishwa nalo ufukweni lilikuwa limeifanya Kamati ya Urithi wa Dunia kueleza wasiwasi wake.

Jirani na hapo, jengo la zamani la mawasiliano ya simu za kimataifa na nyumba iliyokuwa makazi ya madaktari wa Kichina viliunganishwa na kuwa hoteli ya Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997. Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888 ndiyo leo hoteli ya Africa House. Kwenye Barabara ya Mizingani, zahanati ya kale iliyojengwa kwa mali ya Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Hiyo haikufanywa hoteli, na kwa hiyo ni ushahidi kuwa jengo la kale linaweza kuokolewa kwa njia nyingine.

Baina ya kasri na hoteli kuna kipindi ambacho vijitabu vya watalii hukiruka. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba zao zikawa mali ya serikali. Familia kutoka ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba ndani yake. Nyumba ya familia moja ikawa ya familia kumi. Kodi ilikuwa ndogo, chokaa haikununuliwa, mabati yakatoboka na mvua ikafanya kazi yake. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kati ya miaka hiyo, nyumba nyingi za serikali ziliuzwa au kukodishwa kwa wawekezaji, na utalii ukashika nafasi ya karafuu.

Kulala ndani ya historia

Tulipokelewa kwa juisi ya ukwaju na kitambaa cha baridi chenye marashi. Kijana wa mapokezi alimwamkia Bi Mkubwa, "Shikamoo bibi," akampa mkono kumpandisha ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni jambo la kutanguliza katika kila mazungumzo. Ni za mwinuko mkali, vipandio vyake havilingani, na mara nyingi hakuna lifti, kwani kuiweka ni kuibomoa nyumba. Tulikuwa tumeomba chumba cha orofa ya kwanza kwa ajili yake. Waliopewa vyumba vya juu walipata upepo na bahari, na miguu ikauma.

Vyumba vilikuwa vya kupendeza. Kitanda cha samadari kilichonakshiwa, chandarua cheupe, zulia, kioo cha rangi juu ya dirisha kinachomwaga rangi sakafuni wakati wa asubuhi. Jioni mfanyakazi alipita na chetezo, akafukiza udi kila ukumbi. Kutoka darini tuliliona jua likizama baharini, kwa kuwa ufukwe wa Shangani umeelekea magharibi, na mara adhana zikaanza, msikiti baada ya msikiti, zikipishana kwa sekunde chache. Kibla kutoka Unguja ni kaskazini kwa karibu kabisa, kwa hiyo aliyeliona jua likizama mkono wake wa kushoto hakuwa na haja ya kuuliza aelekee wapi. Hata hivyo tuliuliza, na msala ukaletwa bila ya maswali.

Bi Mkubwa hakukaa kitandani. Alizunguka chumba, akaweka kiganja ukutani chini ya dirisha, akanusa, akasema kuwa hapa wametumia chokaa, ukuta umekauka. Kisha akaketi kwenye kiti cha dirishani akanyamaza kwa muda mrefu.

Tulimuuliza kama nyumba hii inamkumbusha kwao. Alituambia kuwa hawakuwa na kwao. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliopewa chumba ndani ya nyumba ya tajiri mmoja, mitaa michache kutoka pale. Chumba chao kilikuwa na urefu na upana kama huu. Pazia liligawa upande wa wazazi na upande wa watoto. Choo kilikuwa kimoja, maji yalichotwa chini, jiko la mkaa liliwekwa kwenye ukumbi wa roshani. Siku moja ufa ulitokea ukutani, wakauziba kwa saruji, maana ndiyo iliyokuwapo. Ufa ukarudi. Baada ya masika mengine wakaambiwa wahame, kwani nyumba si salama. Walihamia Ng'ambo, na nyumba ile leo ni kiwanja kitupu.

"Leo nimelala peke yangu katika chumba ambacho sisi tungelala saba," alisema. "Sina kinyongo. Ila nataka mjue kuwa na sisi tulikuwamo."

Maneno hayo hatukuyapata kwenye kijitabu chochote cha hoteli. Vijitabu husimulia habari za sultani na tajiri, kisha huruka moja kwa moja hadi siku ya ufunguzi. Tunaona kuwa historia ya nyumba haikamiliki pasina waliolala saba chumbani, wala pasina waliobeba mawe.

Hamamu, singo na spa

Hoteli nyingi za aina hii hujivunia spa, yaani sehemu ya kuoga, kufukizwa kwa mvuke, kukandwa na kusuguliwa mwili. Wapo wasomaji wanaoliona jambo hili kuwa geni na la kutiliwa shaka. Ukweli ni kwamba ustaarabu wa hamamu ni wa kale katika nchi za Kiislamu, na Unguja nayo ina sehemu yake. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia kuwa katika hamamu za Baghdad kila mwogaji alipewa mataulo matatu: la kujifunga akiingia, la kujifunga akitoka, na la kujifutia. Imam Ghazali katika Ihya aliweka adabu za hamamu ndani ya kitabu cha siri za twahara, na msisitizo wake mkubwa ni kustiri mwili na kuinamisha macho.

Huku kwetu, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa Shah wa Uajemi, na nakshi za plasta za Kiajemi zingali zinaonekana kutani. Sayyida Salme, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886, alieleza nyumba za kuogea katika kasri ya Mtoni alimozaliwa. Naye Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchemi, alijenga hamamu ya umma iliyoupa mtaa mzima jina la Hamamni. Ilisanifiwa na Haji Ghulam Hussein kwa mtindo wa Kiajemi, ikiwa na vyumba vya moto na vya baridi na mahali pa kunyoa. Ilitumika hadi mwaka 1920. Tuliizuru asubuhi ya siku ya pili. Birika zake ni kavu, lakini kuta zimesimama, na mgeni huingia kwa ada ndogo.

Spa ya hoteli yetu ilikuwa orofa ya chini, mahali palipokuwa ghala. Hilo tulilipenda kwa sababu ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho. Adui mkubwa wa nyumba ya matumbawe ni maji, na hoteli inataka bafu kwa kila chumba. Wajenzi wa kale waliweka vyoo upande mmoja, kimoja juu ya kingine, ili maji yashuke kwenye ukuta mmoja tu. Anayetoboa mabomba kila pembe na kuweka chumba cha mvuke orofa ya tatu anaweza kuwa anaiua nyumba polepole huku akiipaka rangi.

Wenzetu wa kike walipewa saa zao, mlango ukafungwa, na wahudumu wote walikuwa wanawake. Huduma iliyoongoza katika orodha ilikuwa singo. Naam, singo ile ile ya bibi zetu, ya maua ya waridi, asumini, langilangi, liwa na karafuu, inayosuguliwa mwilini mwa bibi harusi mpaka ngozi iwe laini na ya kunukia. Mhudumu, msichana wa shamba, alisema kuwa hakufunzwa chuoni. Alifunzwa na bibi yake, na hoteli ikamfunza namna ya kupanga mataulo na kuzungumza na wageni.

Bi Mkubwa alikataa kusingwa, lakini aliomba kuinusa. Akasema ni njema, ila waridi limezidi na mkilua haumo. Kisha akaeleza kuwa zamani mwari aliwekwa ndani, somo wake akamsinga kila siku, na wakati wa kusingwa ndio uliokuwa wakati wa mafunzo: vipi ataishi na mume, vipi atamtunza mkwe, vipi atajistahi. "Hatukulipa kwa dakika," alisema. Msichana alicheka, naye Bi Mkubwa akacheka.

Hatusemi kuwa biashara imeiharibu singo. Msichana yule analisha nyumba kwa elimu ya bibi yake, na hilo ni jambo la heri. Tunachokiogopa ni kuwa binti zetu waijue singo kwenye orodha ya bei tu, ilhali maua yamo uani na nyanya zao wangali hai.

Gharama na kiasi

Tuseme wazi: hoteli hizi si za kila mfuko. Bei ya usiku mmoja katika zile za daraja la juu yaweza kufikia au kupita mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kima cha chini. Mwenye uwezo akiwastarehesha wazazi wake kwa siku mbili amefanya ihsani. Lakini anayekopa ili apigwe picha darini amejitia taabuni, na maneno ya kuonya dhidi ya israfu yanamlenga yeye kabla ya wengine.

Kwa familia ya kipato cha kawaida zipo njia nyingine za kuingia ndani. Baadhi ya hoteli hupokea wageni wa mchana kwa kahawa au chakula darini bila ya kulala. Zipo nyumba ndogo za wageni, zinazoendeshwa na wenyeji, ndani ya majengo ya kale yale yale, kwa bei ya chini zaidi. Hamamni na Kidichi huzuriwa kwa ada ndogo. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, kwa hiyo familia inaweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Ama singo, wapo kina mama mitaani waitengenezao na kuisinga majumbani, na fedha ile hubaki kwao yote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kutokana na tuliyoyaona, tunamshauri msomaji aulize haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, ngazi. Je, kuna chumba cha orofa ya chini au ya kwanza kwa mzee, mjamzito au mwenye maradhi ya magoti? Je, madirisha na roshani ni salama kwa watoto? Vizuizi vya roshani za kale aghalabu ni vifupi.

Pili, sitara. Je, spa ina saa au sehemu maalumu kwa wanawake, na wahudumu wa jinsia moja na mteja? Je, mlango hufungwa? Hoteli nzuri haikasiriki ikiulizwa. Ikikasirika, umepata jibu.

Tatu, chakula. Je, nyama ni ya halali, na pombe huuzwa wapi? Katika hoteli nyingi dari huwa mgahawa wa watalii usiku. Familia inaweza kuomba chakula chake kiletwe uani au chumbani.

Nne, afya. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au mimba asiingie chumba cha mvuke bila ya kumwuliza daktari. Mwenye mzio ataje mafuta na maua yasiyomfaa, na amwombe mhudumu ampake kidogo mkononi kwanza.

Tano, nyumba yenyewe. Uliza ilikuwa ya nani, ilikarabatiwa vipi, na mafundi wake walitoka wapi. Swali hili laonekana la udadisi tu, lakini lina uzito. Mwenye hoteli anayeulizwa kila siku kuhusu chokaa atajua kuwa chokaa ina thamani kwa wateja wake, na fundi anayeijua kazi hiyo atapata kazi na wanafunzi.

Sita, watu. Waulize wahudumu wanatoka mtaa gani. Mji wa kale ukijaa wageni wa siku mbili na wafanyakazi wanaolala mbali, jioni barazani hapatakuwa na mtu wa kumwitikia jirani salamu, na siku ya maziko hapatakuwa na wa kubeba jeneza.

Nyumba zilizobaki

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo maarufu kuliko yote lilifikia hapo, msomaji afikirie hali ya nyumba za vichochoroni ambazo hakuna anayezipiga picha. Nyumba ya Tippu Tip hapo Shangani ilikaliwa na watu kwa miaka mingi, nayo ikachakaa sana. Nyingine nyingi ni za wakfu, zilizowekwa na wenyewe kwa ajili ya misikiti, masikini au vizazi vyao, na leo zimo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kodi isiyotosha kununua chokaa haiwezi kuutimiza muradi wa aliyeiweka wakfu, kwa sababu nyumba ikianguka, sadaka yake ya kuendelea nayo imekatika.

Hoteli imethibitisha jambo moja: fedha ikiwepo, na fundi akifuata njia ya chokaa, nyumba ya miaka 150 husimama. Haikuthibitisha kuwa kila nyumba lazima iwe hoteli. Zahanati ya Tharia Topan haikuwa hoteli. Misikiti haikuwa hoteli. Nyumba ya wakfu ingeweza kukarabatiwa, orofa ya chini ikakodishwa kwa biashara halali, na juu zikaishi familia, kama ulivyokuwa mpango wake tangu mwanzo.

Wasomaji wetu walio na sehemu katika nyumba za urithi, iwe Unguja, Lamu, Mombasa au Bagamoyo, wasingoje mnunuzi abishe hodi. Kabla ya masika yajayo, warithi wakutane, wapande juu ya paa wakague mabati na mifereji ya maji, na wamwite fundi wa chokaa kabla ya fundi wa saruji. Gharama ya kuziba tundu la bati ni ndogo, na ndugu kumi wanaweza kuichangia kwa siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa matumbawe ukishaanguka, aghalabu haujengwi tena.